Kuchora maua bila kuchora petali: rangi tano, brashi ya fundi na kadi kuukuu

Simama ng'ambo ya barabara uitazame bogenvilia iliyofunika ukuta. Kutoka hapo huwezi kuhesabu petali hata moja. Unachoona ni bonge la majenta, upande mmoja limepauka kwa jua, upande wa pili limekolea hadi kukaribia zambarau. Hapa limekatwa na majani, pale limemwagika juu ya ukuta bila mpaka. Bonge hilo ndilo tunalolichora. Ukisogea karibu utakuta kwamba hata hizo zinazoitwa petali ni majani matatu yenye rangi, na ua lenyewe ni kijineli chembamba cheupe kilichojificha katikati. Ni jambo zuri kulijua, lakini kulionyesha ni kazi ya mchora mimea, si ya picha hii.

Wengi hudhani kuchora maua kwa mtindo huru ni kutupa rangi ovyo. Uangalifu upo, tena mwingi, ila umehamia kwenye mambo mengine: kiasi cha maji ndani ya brashi, ukali au ulaini wa kingo, na saa ya kuweka brashi chini.

VIFAA

Rangi ni tano: nyeupe, njano, nyekundu, majenta na buluu. Akriliki, rangi ya maji isiyoyeyuka tena ikishakauka, ya tyubu au ya chupa, ndiyo bora. Rangi za posta za shule zinafaa pia, kwa sharti kwamba kila vijiko vinne vya rangi uvichanganye na kijiko kimoja cha gundi nyeupe ya mbao. Rangi ya posta peke yake huyeyuka tena brashi yenye maji ikipita juu yake, na mkono wa pili wa rangi ukachafuliwa na wa kwanza. Gundi ya mbao ikishakauka huishika. Gundi ya watoto inayotoka kwa kuoshwa haisaidii, maana nayo huyeyuka. Changanya ya kutosha siku hiyo tu, kwa sababu mchanganyiko ukilala usiku kucha kwenye kopo wazi hugeuka utando.

Usijaribu kuokoa fedha kwa kuiacha majenta. Nyekundu ya kawaida ina njano ndani yake. Ukiitia buluu upate zambarau ya jakaranda utapata kahawia iliyofifia, na ukiitia nyeupe utapata rangi ya nyama ya tikiti maji badala ya waridi. Bogenvilia, jakaranda na mawaridi mengi vinataka majenta. Alizeti na kifabakazi, ule mti wa maua ya chungwa nyekundu, vinataka nyekundu. Nyeusi usinunue kabisa. Buluu na nyekundu kwa vipimo sawa, pamoja na njano kidogo, hutoa giza lenye uhai, na unaweza kulielekeza upande wa joto au wa baridi upendavyo.

Brashi kubwa ni ile bapa ya inchi moja wanayouza kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ni ya bei nafuu na hudondosha nywele, kwa hiyo kabla ya kuitumia ioshe kwa sabuni, ipige kiganjani mara kadhaa, kisha vuta kila unywele unaolegea. Brashi ndogo iwe ya duara, namba 6 au 8. Ongeza kipande cha sponji ya godoro chenye ukubwa wa kiberiti, kadi kuukuu ya benki, kitambaa cha pamba, sahani nyeupe ya plastiki ya kuchanganyia, na makopo mawili ya maji. Kopo moja ni la kuoshea brashi. La pili ni la maji safi ya kulainishia rangi, na usiliingize brashi chafu hata kwa haraka, kwa sababu njano hufa kwa tone moja la maji machafu.

Sehemu ya kuchorea isikupe tabu. Kampala, wachapaji wa Nasser Road hubaki na vipande vya kadi nene baada ya kukata kazi zao, na mafundi wa mbao wa Ndeeba hubaki na vipande vya plaiwudi. Shuka kuukuu la pamba kutoka soko la Owino hufanya kanvasi nzuri likigandishwa juu ya ubao. Karatasi ya manila itumie kwa mazoezi tu. Ikilowa hujikunja, rangi ikakimbilia mabondeni.

KUANDAA UBAO

Changanya emulsheni nyeupe ya ukutani vipimo vinne, gundi ya mbao kipimo kimoja, maji kipimo kimoja. Paka mkono wa kwanza ukivuta brashi kwa upana, uache saa mbili, usugue polepole kwa msasa namba 220, kisha paka mkono wa pili ukivuta kwa urefu. Nyuma ya ubao paka mkono mmoja. Usiuruke huu wa nyuma: rangi ikikauka husinyaa na kuvuta upande iliko, na ubao uliopakwa upande mmoja hupinda kama jani kavu.

Emulsheni hiyo iwe ya maji. Rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya milango na mageti, haifai, kwa kuwa akriliki haishiki juu yake na baada ya muda hubanduka vipande vipande. Wala emulsheni usiitumie kama nyeupe ya kuchanganyia, kwa sababu ina chaki nyingi na rangi yoyote inayoingia humo hutoka imepauka.

Kwa shuka, paka ubao gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tandaza kitambaa, lainisha kwa kiganja ukianzia katikati kwenda pembeni, kunja sentimita tatu nyuma, uache hadi kesho yake. Ndipo upake ile mikono miwili.

Lubugo ni habari nyingine, na inastahili kujaribiwa. Kitambaa hiki cha gome la mti wa mutuba, ambacho utengenezaji wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, kina kahawia yake yenye joto, na kuifunika kwa emulsheni ni kuiharibu. Paka mkono mmoja wa gundi kipimo kimoja kwa maji vipimo vitatu, ulaze usiku kucha. Juu yake rangi nyepesi hunywewa na kupotea, kwa hiyo tumia rangi nzito tu. Nyeupe, njano na buluu iliyopauka huruka mbele kwa nguvu. Nyekundu huzama, maana giza lake linakaribiana na la lubugo lenyewe. Mishono na viraka viache vionekane.

MAJI

Tunatumia majina matatu ya uzito, na yote yanatoka jikoni: chai, maziwa, na mchuzi wa karanga. Inamisha sahani uweke tone. Chai hutiririka hadi chini papo hapo, nawe unaiona sahani kupitia rangi. Maziwa hushuka taratibu yakiacha njia. Mchuzi mzito wa karanga hukaa palepale. Picha nzuri ya aina hii huanza kwa chai, hupita kwenye maziwa, huishia kwenye mchuzi, na mchuzi huo ni kidogo. Anayeanza na mchuzi hujikuta hana pa kwenda: kila kitu kimeshakuwa kizito, na ua halina sehemu ya kupumua.

Jambo la pili ni unyevu wa ubao wenyewe. Uso ukiwa unang'aa kwa maji, rangi mpya husambaa na ukingo huwa laini. Uso ukiwa mkavu, ukingo huwa mkali. Katikati yake kuna kipindi kibaya, pale mng'ao umetoweka lakini unyevu ungalipo. Ukigusa wakati huo kwa brashi yenye maji mengi, maji yatasukuma rangi iliyokwisha kuanza kutulia na kuacha madoa yenye mikunjo kama koliflawa. Kwa macho huwezi kukitambua kipindi hicho kila mara. Tumia mgongo wa kidole: ukihisi ubaridi, bado kuna maji, subiri.

Hali ya hewa hubadilisha hesabu hii. Januari, saa saba mchana, chai hukauka ndani ya dakika chache. Aprili au Novemba, mvua ikinyesha, tabaka lilelile laweza kukaa robo saa na zaidi. Chora kwenye kivuli cha baraza asubuhi, mbali na jua la moja kwa moja, na kiangazi uwe na chupa ya kunyunyizia maji karibu.

MAZOEZI YA DAKIKA ISHIRINI

Tandaza magazeti. Kwa brashi bapa, bonyeza, zungusha mkono robo mduara, inua. Hilo ni petali pana, jani na upande wa ua kwa pamoja, na upana wake hutegemea ulivyobonyeza. Fanya hamsini. Kisha simamisha brashi kwa ncha yake ya upana, uivute pembeni: unapata mstari mwembamba wa shina. Kisha sponji: ichovye kwenye maziwa, ikamue, uiguse na kuinua bila kusugua. Kisha kadi: weka tone la mchuzi wa karanga mwishoni mwa kadi, ivute sentimita tano, isimamishe ghafla. Rangi hubaki imejikusanya ukingoni, na ukingo huo hauwezi kutolewa na brashi yoyote.

Shika brashi mwisho wa mpini na utumie bega. Ukiishika karibu na nywele kama kalamu, mkono wenyewe utaanza kuandika petali.

KAZI YENYEWE

Mfano wetu ni fungu la bogenvilia kwenye ubao wa A3, yaani sentimita 29.7 kwa 42, uliosimama.

Anza kwa kulowesha ubao wote kwa sponji. Weka chai ya buluu na njano, njano ikizidi, sehemu ya chini na upande mmoja wa juu. Sehemu nyingine ipate chai ya majenta iliyopauka sana. Acha theluthi moja bila kitu. Sehemu hizo tupu utazihitaji baadaye, na nyeupe ya kupaka haitoi mwanga ule wa ubao ulioachwa. Subiri hadi ubaridi uishe.

Usichore kwa penseli. Mstari wa penseli ni kama uzio. Mkono hujaza ndani yake na kuogopa kutoka nje. Weka vitone vitatu tu vya njano nyepesi kuonyesha mabonge yatakapokaa. Bonge kubwa liwe kama ngumi, la kati kama yai la kuku, dogo kama harage lililolowekwa. Vipimo hivi vitatu vikiwa tofauti kweli, nusu ya picha imeshasimama. Bonge kubwa usiliweke katikati; liweke juu kidogo, kulia au kushoto. Moja kati ya mengine lipasuke nje ya ukingo wa ubao ili jicho liamini kwamba mmea unaendelea.

Sasa brashi bapa. Chukua maziwa ya majenta kwenye kona moja ya brashi na nyeupe kidogo kwenye kona ya pili, usiyachanganye. Piga bonge kubwa kwa mipigo saba au minane ya kubonyeza na kuzungusha, kila mmoja ukielekea upande wake, na uache matundu katikati. Usiurudie mpigo. Mpigo wa kwanza una rangi mbili zinazoonekana. Ukirudia zinageuka moja, na ua huwa bapa kama kibandiko. Kabla mng'ao haujatoweka, gusa upande wa chini kwa majenta iliyotiwa buluu kidogo, uiache isambae yenyewe. Upande wa juu futa kwa kitambaa mara moja. Hapo una nuru na kivuli bila kuchora hata kimojawapo.

Fanya hivyohivyo bonge la kati kwa mipigo minne, na dogo kwa mmoja au miwili. Angalia kingo kila unapomaliza bonge. Takriban theluthi moja ya ukingo iwe imepotea ndani ya mandharinyuma. Ikiwa yote ni mikali, lowesha brashi safi uipitishe sehemu mbili tatu.

Majani yafuate bonge likiwa na unyevu kidogo ili rangi ziguse na kuingiana. Kijani changanya mwenyewe: njano vipimo viwili, buluu kimoja, kisha nyekundu kiasi cha punje ya mchele ili kitulie. Kijani kinachouzwa tayari kwenye chupa hupiga kelele karibu na majenta. Mipigo ya majani iwe michache kuliko unavyotamani, mitano au sita, na isizunguke bonge kama kola. Ikusanye upande wa kivuli.

Acha kila kitu kikauke kabisa. Hatua inayofuata ndiyo inayotofautisha picha iliyolegea na picha iliyopotea, nayo haihusu maua hata kidogo. Chukua rangi ya mandharinyuma yenye uzito kati ya maziwa na mchuzi, nyeupe ikiwa nyingi na buluu kidogo, na upake nje ya maua ukilikata bonge kwa kuingia ndani yake. Pale bonge lilipokuwa duara, ingia kwa pembe na utoe kona mbili kali. Kona hizo ndizo zinazosema "bogenvilia". Pita katikati ya majani, acha vipande vyembamba vya rangi ya chini vionekane, navyo vitageuka mashina. Ua unalitengeneza kwa kuchonga kilicho pembeni yake, kama fundi anavyochonga kinyago kwa kuondoa mti. Fanya hivi kwenye bonge kubwa na kidogo kwenye la kati. La tatu liache kama lilivyo.

Mwisho ni mchuzi wa karanga. Kwa kadi, vuta mipigo mitatu ya majenta iliyotiwa nyeupe nyingi upande wa nuru. Kwa brashi ya duara, weka vitone vitano vyeupe vyenye njano kidogo ndani ya bonge kubwa: vile vijineli tulivyovitaja mwanzoni. Visiwe na nafasi sawa, na visiwepo kwenye kila bonge. Kwa kona ya kadi kwangua mstari mmoja au miwili ya shina rangi ikiwa mbichi.

Kisha ondoka kwa nusu saa. Ukirudi, ugeuze ubao juu chini, uutazame kutoka hatua nne, uupige picha kwa simu na uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Ikiwa maua na mandharinyuma vinakuwa kijivu kimoja, rangi zako ni tofauti lakini nuru zake ni sawa; ongeza giza chini ya bonge kubwa. Ikiwa giza na mwanga vimetengana, usiongeze chochote.

KINACHOHARIBIKA

Tope ndilo lalamiko la kwanza, na chanzo chake mara nyingi ni maji ya kopo. Badilisha maji kila baada ya robo saa. Chanzo cha pili ni kukutanisha rangi zinazopingana zikiwa mbichi: majenta na kijani, buluu na rangi ya chungwa. Zikigusana ukingoni hutoa kijivu kizuri, lakini zikisuguliwa pamoja hutoa tope. Kwa hiyo zikishagusana, inua mkono.

Maua yanayofanana na pipi za kijiti, duara moja juu ya shina moja lililonyooka, hutokana na kuchora shina kabla ya ua. Weka mashina mwisho, yakatike katikati, yasifike yote chini.

Rangi ikipasuka kama udongo wa kiangazi, umepaka nene kabla ya tabaka la chini kukauka, au rangi ya posta imekosa gundi. Ikibanduka na tepu, ubao ulikuwa na mafuta au vumbi. Na usishangae rangi ikibadilika: akriliki hukolea kidogo ikikauka, rangi za posta kwa kawaida hupauka. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kadi kilichopakwa emulsheni ileile.

MAUA MENGINE

Kifabakazi kina vikombe vya rangi ya chungwa nyekundu vyenye ukingo wa njano, na katikati ya fungu vichipukizi vya kahawia vilivyopinda. Tia nyekundu ndani ya njano kidogo kidogo, kuanzia kipimo kimoja kwa vitatu. Ukifanya kinyume utamaliza njano yote bila kufika. Mipigo ielekee nje kutoka katikati, njano ibaki kwenye kona ya nje ya brashi.

Alizeti, zile za mashamba ya Lira na Apac, zinadanganya watu wahesabu miale. Anza na kitovu kwa sponji ya kahawia, kiwe yai lililolala badala ya duara, kisha mipigo ya njano isiyolingana. Upande mmoja iwe mifupi sana, kana kwamba ua limegeuza uso.

Jakaranda ichore kwa sponji peke yake: majenta, buluu na nyeupe, bonge juu na zulia la rangi hiyohiyo iliyopauka chini. Kati yake weka shina moja la kadi.

Frangipani ina petali tano zinazopandana kama feni. Chora mbili na nusu tu, kwa nyeupe juu ya mandharinyuma ya kijivu, na njano ya chai katikati ikiwa mbichi.

KUKAUSHA NA KUTUNDIKA

Akriliki ilaze siku tatu kabla ya kuifunga, na usiifunge kwa kavera (mfuko wa plastiki) moja kwa moja, maana plastiki hugandana na rangi. Ukiweka picha mbili pamoja, tia karatasi kavu isiyoandikwa katikati. Maji ya kuoshea usiyamwage mtaroni. Yaache kwenye jerikeni lililokatwa hadi rangi itue, mwaga maji ya juu kwenye udongo mbali na mboga, na mashapo yakikauka yatupe na takataka.

Picha ya rangi za posta inahitaji kioo, kwa sababu unyevu wa ukutani huifikia. Gandisha vipande viwili vya kizibo au mpira, unene wa sentimita moja, kwenye kona za chini nyuma ya fremu, ili hewa ipite kati yake na ukuta. Bila hivyo, msimu wa mvua wa Machi hadi Mei huleta ukungu mweusi nyuma ya ubao. Tundika ukuta usiopigwa na jua la mchana. Majenta za bei nafuu ndizo za kwanza kufifia.